Mama Aliyebeba Kasha la Vitabu

Watu wa Kilosa waliokuwapo siku ile wengi wamekwisha kufa, na walio hai hawapendi kuulizwa. Nimebaki mimi. Ninakusimulia jambo nililoliona kwa macho yangu, tena sehemu kubwa mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, sina homa, sina usingizi, na kilevi sijakionja tangu nizaliwe. Ukimaliza kunisikiliza, kuamini au kutoamini ni juu yako. Nimeulizwa mara nyingi na watu wenye elimu zao, na sijawahi kubadilisha neno.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa mwanamke kijana, nimekabidhiwa duka la vitabu la ushirika, hatua chache kutoka stesheni ya Kilosa. Usidhani lilikuwa duka kubwa. Kilikuwa chumba kimoja chenye rafu za mbao na baraza mbele. Tuliuza vitabu vya kisomo cha watu wazima, madaftari, chaki, na hadithi chache kwenye rafu ya juu. Kamati ya ushirika ilikuwa imeanza kunichoka. Mwenyekiti alisema watu wanataka majembe na chumvi, hadithi hazipalilii shamba, na chumba kile kingefaa zaidi kuwa ghala. Alisema hayo mbele yangu, kwa upole, kama mtu anayekuambia maziko ni saa ngapi.

Mimi nilikataa. Nilikuwa nimewaona kina mama waliotoka kisomo jioni, mikono ingali na udongo, wakisimama mbele ya rafu ile na kusoma migongo ya vitabu kwa sauti, herufi kwa herufi. Unafunga duka la namna hiyo vipi? Nikamwomba mwenyekiti aniachie mpaka mwisho wa masika, nikamwandikia mwandishi mmoja Dar es Salaam aje atusomee kitabu chake kipya.

Mwandishi huyo nitamwita Salehe. Alikuwa mtu wetu, mzaliwa wa milima iliyo juu ya Zombo, katika kijiji ambacho wakati ule kilikuwa kimekwisha kuhamishwa na watu wake kuletwa chini barabarani. Aliondoka mdogo kwenda shule, akasoma, akapata kazi mjini, na sasa jina lake lilikuwa likisikika redioni. Kitabu chake kipya kilihusu kijiji kile kilichoachwa. Alijibu kwamba atakuja na gari moshi, na kwamba ataleta kasha zima la vitabu. Nilipeleka habari kila kijiji nilichoweza. Mama yake mzazi, Bibi Zaina, alikuwa bado hai, anaishi Zombo, na uzeeni ndiyo kwanza alikuwa amejifunza kusoma. Akasema atakuja kumsikiliza mwanawe hata ikibidi atambae.

Siku yenyewe ilipofika, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi stesheni masta akaniita akaniambia gari moshi limekwama Kimamba. Maji yamekula tuta la reli kati ya Kimamba na Kilosa, na barabara nayo haipitiki kwa gari. Mwenyekiti alikuwa amesimama pale pale. Akasema Mungu mwenyewe ameamua, bora niwaambie watu warudi makwao. Watu gani? Wale waliotoka Zombo na Kisanga kwa miguu, wengine wameondoka jana yake, wamelala njiani kwa jamaa? Bibi Zaina aliyepakiwa nyuma ya baiskeli, akashuka kila penye tope, akapakiwa tena? Nilimwachia dada yangu ufunguo wa duka, nikamwambia awapikie watu uji, nikachukua baiskeli nikaenda Kimamba.

Sitakuchosha na njia ya kwenda. Nilipofika jua lilikuwa kichwani. Nilimkuta Ndugu Salehe ameketi juu ya kasha lake kwenye jukwaa la stesheni, mtu mzima wa makamo, kavaa suti ya kaunda na viatu vya ngozi, amekwisha kujiandaa kurudi Morogoro na behewa la kwanza litakalogeuzwa. Nilimwambia harudi. Alicheka akidhani ninatania. Nikamwambia mama yake amefika Kilosa. Hapo akavua viatu, akakunja suruali. Kweli, alikuwa mtu mwema, na hilo ulishike unaponisikiliza.

Tulifunga kasha kwenye karia ya baiskeli kwa kamba ya mkonge tukashika njia ya kando ya reli. Wewe uliyeizoea lami hujui udongo wa kule ukinywa maji. Ulikuwa unashika tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Tulisukuma, tukakwangua tope kwa kijiti, tukasukuma tena. Mashamba ya mkonge yalikuwa pande zote mbili, mistari imenyooka mpaka macho yanaishia, mengine yameachwa yakawa pori. Hakukuwa na mtu. Kabla hatujafika nusu ya safari, rimu ya nyuma ikapinda chini ya uzito, na baiskeli ikalala ubavu kama ng'ombe aliyechoka.

Ndugu Salehe akajaribu kulibeba kasha begani. Alikwenda kidogo akaliweka chini. Nikajaribu mimi kichwani, na mimi ni mtoto wa shamba, lakini shingo ilikataa. Tukasimama pale. Nilikuwa nikiwaza tulifiche ndani ya mkonge twende mikono mitupu, ndipo nikamwona mama yule.

Alikuwa amesimama baina ya mistari ya mkonge, karibu kabisa nasi. Sikumwona akija. Alikuwa mwanamke wa umri wa kunizaa, mrefu, kajifunga kaniki na kujitanda nyingine, miguu peku. Nikamwamkia, shikamoo mama. Hakuitikia marahaba. Alinitazama kwa utulivu, akasema, "Hilo kasha linakwenda Kilosa?" Ndugu Salehe naye akamwamkia, akainama kidogo kama tulivyofunzwa. Mama huyo hakumtazama kabisa. Unajua kwetu kumnyima mtu marahaba ni jambo zito. Lakini nilijiambia labda ni mtu wa mbali, walikuja watu wa kila kabila kukata mkonge, kila mmoja na desturi yake.

Sikumwomba. Alikunja ngata ya majani, akainama, akalitia kasha kichwani peke yake, bila kutaka mkono wetu, akatangulia. Mimi nikafuata nikiivuta baiskeli, Salehe nyuma yangu.

Jambo la kwanza nililoliona ni mikono yake. Sisi wawili tulikuwa tope mpaka nywele. Mikono ya mama yule, aliyokuwa ameinyanyua kushika kasha, ilikuwa safi mpaka viwikoni, kucha zimekatwa fupi, ngozi imekunjamana kama ya mtu aliyetoka kunawa sasa hivi kwa maji ya moto. Niliitazama njia nzima.

Baada ya kitambo akauliza kasha lina nini. Ndugu Salehe akajibu ni vitabu, yeye ndiye aliyeviandika. Mama akauliza vinasema nini. Sasa mwandishi umwulize swali hilo, anyamaze? Salehe akasahau uchovu. Akamweleza habari za milima yao, mashamba ya mahindi yaliyoning'inia ubavuni mwa mlima, ngoma za mavuno, jumbe wa zamani wa mkoloni. Mama akauliza kama ameandika watu wenyewe, kwa majina yao. Salehe akasema wengi amewabadilisha majina, ila wachache waliokufa zamani amewaacha kama walivyo, kwa kuwa hawana wa kumlalamikia. Akamtaja mmoja. Alisema sura ambayo watu wa mjini wanaipenda kuliko zote ni ya mchawi mmoja aliyeitwa Mwanahawa, mkunga, aliyemwua mke wa jumbe na mtoto wake siku ya uzazi, akakiri mbele ya kijiji kizima, akafukuzwa usiku, akageuka fisi mpakani mwa msitu.

Aliisimulia vizuri, siwezi kusema uongo. Hata mimi nilisisimka. Mama alikuwa akitembea tu, shingo imenyooka, kasha halitikisiki. Salehe alipomaliza, mama akauliza bila kugeuka, "Ulimwona kwa macho yako akikiri?"

Salehe akasema hapana, alikuwa mtoto mchanga wakati ule. Alisimuliwa na watu alipokua.

"Na wewe ukaandika," akasema mama.

Tulifika pale reli ilipokatika. Mataruma yalikuwa yananing'inia hewani yameshikwa na chuma tu, na chini yake maji mekundu yanapita kwa kishindo. Mama akatelemka pembeni, akaingia. Sisi tukashikana mikono tukamfuata alipopita, maji yakatufika kiunoni, na baiskeli karibu iniponyoke. Tulipotoka ng'ambo nilikamua khanga yangu. Yeye alikuwa amesimama juu ya tuta akitungoja, na kaniki yake ilikuwa kavu, kavu ya vumbi, mpaka pindo la chini.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Ningekimbilia wapi? Nyuma maji, mbele watu wananingoja. Nilimtazama Salehe nikaona naye anaitazama kaniki ile. Lakini nilikuwa nimeapa kwamba mtu huyu atasoma Kilosa siku ile, na kasha lilikuwa linakwenda Kilosa. Nikashika usukani wa baiskeli yangu nikafuata.

Tuliingia mjini magharibi, adhana ikisomwa. Baraza lilikuwa limejaa mpaka njiani. Mwenyekiti naye alikuwapo, na uso aliokuwa nao aliponiona nimefika ningeununua. Dada yangu alikuwa amewasha karabai ndani ya duka akaitundika juu ya meza. Bibi Zaina ameketishwa mbele kabisa, kwenye mkeka, kibibi kidogo chenye macho makali. Watu walipiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele. Katika msukosuko wa kusalimiana, mama yule alilitua kasha karibu na mlango, nikalifungua nikatoa vitabu. Baada ya njia yote ile vilikuwa vikavu. Alipoona nimemaliza akalifunika, akakaa juu yake, nyuma ya watu wote, kwenye kivuli cha rafu.

Ndugu Salehe alinywa maji, akanawa uso, akasimama mezani. Nilidhani atashindwa. Akaanza na sura ya mavuno, na watu wa Zombo wakacheka na kulia kwa pamoja, maana ilikuwa milima yao waliyoihama. Mzee mmoja akamkatiza kumwambia kijito fulani amekisahau. Ilikuwa jioni nzuri, nzuri kuliko nilivyoiota. Kisha watu wakaanza kusema: soma ya mchawi, soma ya mchawi. Habari zake zilikuwa zimewafikia. Salehe akasita, akatazama mlangoni, akatazama watu. Mtu anapoombwa na ukumbi mzima anafanyaje? Akafungua ukurasa.

Alifika mahali Mwanahawa anapopiga magoti mbele ya jumbe na kukiri. Sauti ikatoka nyuma, wala si kubwa. "Soma tena hapo."

Watu wakageuka. Salehe akasoma tena. Sauti ile ikasema, "Tena." Akasoma mara ya tatu, na safari hii maneno yalikuwa yakimtoka kama mtu anayetema mchanga. Mama akasimama. Akauliza, "Nani alikuambia nilikiri?"

Nakuapia, hata karabai tulisikia inavyopumua. Watu hawakuelewa, walidhani ni mwendawazimu, wengine wakaanza kumnyamazisha. Bibi Zaina ndiye aliyegeuka pale mkekani, akaweka kiganja juu ya macho kukinga mwanga, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema jina, taratibu, kama anavyosoma herufi zake za kisomo. "Mwanahawa."

Akainuka. Akashika meza ya mwanawe. Alisema, na hakuwa anasema nasi, "Ulikuwa mkubwa wangu. Ulikuwa umekwisha kuzaa wakati mimi nachunga mbuzi. Mbona sasa mimi ndiye mzee?"

Hapo ndipo watu wa karibu na mlango walipoanza kusogea upande.

Bibi Zaina akamgeukia mwanawe, na mbele ya watu wote akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema. Salehe alizaliwa akitanguliza miguu. Wanawake walikwisha kuanza kumlilia Zaina, na Mwanahawa akawafukuza chumbani, akakaa naye mpaka kukapambazuka, akamtoa mtoto mzima na mama mzima. Siku si nyingi baadaye mke wa jumbe akashikwa na uchungu wa mtoto aliyekuwa amekwisha kufia tumboni. Mwanahawa aliitwa kumekwisha kuchelewa, akakuta damu imekwisha kumwagika. Jumbe alitaka mtu wa kulaumu. Hakukuwa na kukiri kokote. Walimpiga ili akiri, akakataa, wakampiga tena, akakataa. Usiku ule akapita mlango kwa mlango akiomba afichwe.

"Aliniita jina langu," Bibi Zaina akasema. "Nilikuwa na wewe mgongoni. Niliogopa watatuchomea nyumba. Sikufungua."

Salehe akauliza, kwa sauti ya mtoto, "Mama, mbona hukuniambia?" Bibi Zaina akamtazama yule aliyesimama mlangoni, machozi yanamtiririka, akaanza kumwomba msamaha.

Mwanahawa akamkatiza. Hakuwa na hasira. Nimewaona watu wenye hasira, sura yake haikuwa hivyo. Ilikuwa sura ya mtu mwenye kazi mbele yake. Akasema, "Sikuja kwa ajili ya mlango, Zaina. Mlango ni wetu wawili, tutaumaliza. Nimekuja kwa ajili ya kitabu." Kisha akamwambia Salehe, "Maneno ya mdomoni yanakufa na wenye midomo. Niliyangoja yafe. Walikuwa wamebaki wazee wachache tu. Sasa wewe umeyapa maisha mengine."

Salehe akajitetea, na simlaumu. Alisema kitabu kimekwisha kuchapwa, kimekwisha kutawanyika, hakiwezi kurudishwa tumboni. Mama yule akainua mikono yake ile safi, akamwonyesha, mbele na nyuma. "Wewe ulitangulia miguu," akasema. "Nilikurudisha. Kaandike kingine."

Akageuka akatoka. Watu walimpisha kama unavyompisha mtu mwenye mzigo wa moto. Alishuka ngazi za baraza. Vijana waliokuwa wamejazana pale nje chini ya ngazi, kwa kuwa ndani hapakuwa na nafasi, waliapa kwa dini zao zote mbili kwamba hakuna mwanamke aliyepita. Sasa niambie wewe mwenye akili nyingi: kasha lilifikaje Kilosa? Mimi sikulibeba. Salehe hakulibeba. Baiskeli ilikuwa pale barazani, rimu imepinda kama nane.

Usiku huo hakuna aliyerudi nyumbani. Walilala dukani na barazani, bega kwa bega, taa inawaka.

Asubuhi Bibi Zaina akasema anataka kupelekwa mahali tulipomkuta. Tulimkatalia kwa ajili ya tope na uzee wake, akajifunga khanga akaanza kutembea peke yake kuelekea relini. Ikabidi tumfuate. Maji yalikuwa yamepungua. Tulifika pale baiskeli ilipoanguka, alama zake bado zipo, na ndani ya mkonge, pale pale aliposimama, palikuwa na kituta cha mawe kilichofunikwa na magugu. Hapakuwa na ubao wala jina.

Tulimpata mzee Lameki, mtu wa bara aliyeletwa zamani kama manamba kukata mkonge, akabaki Kimamba akalima. Aliposikia tunauliza kaburi la nani, alishangaa kwamba hatujui. Alisema pale amelala Mama Mkunga. Alikuja kambini miaka mingi nyuma, ana makovu mgongoni, hakusema ametoka wapi. Kambi ilikuwa imejaa wanawake wa kila kabila wasio na mama wala shangazi karibu, na yeye ndiye aliyewazalisha wote. Watoto wa Lameki wote walipita mikononi mwake. Alikuwa ananawa mpaka watu wanamcheka, anachemsha maji, ananawa, anachemsha tena. Alikufa kwa homa kabla ya Uhuru, wakamzika karibu na njia kwa sababu alisema anataka kusikia watu wakipita.

Bibi Zaina akapiga magoti akang'oa magugu yale kwa mikono yake. Hakutaka kusaidiwa. Alizungumza na kaburi kwa lugha yao ya nyumbani, kwa sauti ya chini, muda mrefu, na mimi lugha hiyo siijui, na ningeijua nisingekuambia. Baadaye watu wa Zombo walikuja kwa wingi wakasoma hitima, na watu wa Kimamba wa dini nyingine wakakaa pamoja nao wakala.

Ndugu Salehe hakurudi Dar es Salaam wiki ile, wala iliyofuata. Aliomba likizo, akahamia kwa mama yake, akazunguka kambi za mkonge akiwauliza wazee. Ilimchukua miaka. Wachapaji walimkataa mara kadhaa, wakimwambia watu wanataka mchawi, nani atanunua kisa cha mkunga? Hakukata tamaa. Kila aliposimama kusoma mahali, alianza kwa kusema kwamba ile sura aliyoiandika zamani ni uongo, akaeleza kwa nini, na wengine walimzomea. Kitabu kilipotoka hatimaye hatukukisomea dukani. Tulikisomea Kimamba, mchana, uwanjani kambini, na wanawake waliozalishwa na Mwanahawa na watoto waliopokewa naye walikaa mbele, wengine ni wazee tayari. Nilitazama mistari ya mkonge siku nzima. Hakuonekana mtu.

Na mimi? Mimi nilikuwa na kasha zima la kitabu kile cha kwanza. Kesho yake tu baada ya kutoka kaburini nilichukua wembe, nikakata sura ile katika kila nakala, nikaichoma uani. Mwenyekiti alinijia juu, akasema ninaharibu mali ya ushirika, na tena watu wanaitaka sura hiyo hiyo. Nilimwambia vitabu vitauzwa hivyo au mimi nitoke, naye achukue funguo aweke majembe yake. Alinitazama, akakumbuka alichokiona kwa macho yake mwenyewe, akaondoka. Duka lile lilidumu mpaka ushirika wenyewe ulipokufa.

Waandishi wengine walikuja baadaye, wanaume kwa wanawake, na vitabu vyao vipya. Kila mmoja nilimkaribisha chai kwanza, nikamwuliza: huyu uliyemwandika kwa jina lake, nani alikuambia? Wengine walikasirika. Mmoja alirudi zake bila kusoma, akaenda kunisema vibaya mjini. Aende. Mpaka leo, na uzee huu, mjukuu wangu akinisomea gazeti akarudia mstari kwa bahati mbaya, natazama mlangoni.

Basi wewe unayenisikiliza, nawe una kalamu, au una simu ya kuandikia kama vijana wa sasa, nakuonya. Watu hufa, majina yao yanabaki na maumivu. Usimtie marehemu maneno kinywani kwa sababu hadithi inanoga. Nenda kaulize kwa waliomjua, panda mlima, vuka maji. Ukishindwa kuuliza, liache jina lake. Ukiniambia wafu hawasomi, nitakubali. Lakini kusikiliza wanasikiliza, na yupo atakayekuja kwa miguu yake kukuomba urudie.